Kompyuta ya Zamani na Televisheni ya Rangi

Somo letu la leo ni juu ya kompyuta za zamani, na jinsi zinavyounganishwa na televisheni ili zionyeshe picha ya rangi. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: nukta, wimbi, chaneli.

Kompyuta nyingi za kwanza za nyumbani hazikuuzwa pamoja na kioo cha kutazamia, kwa sababu kioo kilikuwa ghali. Lakini nyumba nyingi za Ulaya na Marekani zilikuwa na televisheni tayari. Basi watengenezaji wakaona afadhali waitumie hiyo. Leo tutatazama kompyuta moja tu, nayo ni ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza mwezi wa Aprili 1982. Yenye kumbukumbu ndogo iliuzwa pauni 125, na yenye kumbukumbu kubwa pauni 175. Ilikuwa nyeusi, nyepesi, yenye vibonyezo vya mpira, na mtu aliweza kuichukua kwapani kama kitabu.

Kwanza tuelewe rangi. Ukikisogelea sana kioo cha televisheni ya rangi utaona vinukta vya rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Rangi nyingine zote hupatikana kwa kuchanganya mwanga wa hizo tatu. Hapa fundi wa kupaka nyumba atashangaa, maana mwanga hauchanganyiki kama rangi ya kopo. Mwanga mwekundu ukiungana na wa kijani, jicho huona manjano! Zote tatu zikiwaka pamoja tunaona nyeupe. Zikizimwa zote tunaona nyeusi.

Sasa tufanye hesabu. Kila moja ya rangi hizo tatu ama inawaka, ama imezimwa. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Hizo ndizo rangi nane za Spectrum: nyeusi, buluu, nyekundu, zambarau, kijani, samawati, manjano na nyeupe. Kila moja yaweza kuongezwa mwangaza, isipokuwa nyeusi, maana giza likitiwa mwanga si giza tena. Kwa hiyo jumla yake ni rangi 15.

Picha yake ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 192 kwa urefu, yaani nukta 49,152. Kama kila nukta ingepewa rangi yake yenyewe, kumbukumbu yote ya ile kompyuta ya pauni 125 isingetosha. Basi wahandisi wakakigawa kioo katika viraba 768, na kila kiraba wakakipa rangi mbili tu: moja ya wino, moja ya karatasi. Ndiyo sababu katika michezo yake mtu mwekundu akipita mbele ya mti wa kijani, kipande cha mti hugeuka chekundu. Wengi waliucheka upungufu huo. Mimi naona walipata rangi nyingi kwa fedha kidogo.

Je, picha hiyo ilifikaje kwenye televisheni? Televisheni nyingi za siku zile zilikuwa na mlango mmoja tu wa kupokea picha, nao ni tundu la antena. Kwa hiyo kompyuta ilibidi ijifanye kituo cha televisheni. Ndani yake mna kijisanduku cha bati kinachoipandisha picha juu ya wimbi la redio la chaneli ya 36. Waya mmoja unatoka hapo mpaka tundu la antena. Ni kituo chenye mtazamaji mmoja!

Rangi nazo husafiri kwa mtindo maalum. Uingereza ilitumia mtindo uitwao PAL, uliobuniwa Ujerumani na mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, akauonyesha mwaka 1963. Zanzibar pia, ilipoanzisha televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, ilifuata PAL. Marekani ilikuwa na mtindo wake tangu 1953, uitwao NTSC. Picha ya PAL ina mistari 625, ya NTSC ina 525. Ukiunganisha kompyuta ya Marekani na televisheni isiyojua ila PAL, picha huenda ikapanda na kushuka, au ikaonekana bila rangi.

Televisheni nyingine za siku hizi hazipokei tena mawimbi ya namna ya zamani, ambayo Uingereza iliyazima kabisa mwaka 2012. Hapo fundi huichukua picha kabla haijaingia kwenye kijisanduku cha bati, akaipeleka moja kwa moja kwenye tundu la video, lile la manjano. Tena picha huwa safi zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri. Spectrum hutumia umeme wa volti 9, na katika plagi yake hasi iko katikati, chanya iko nje. Vifaa vingi vingine ni kinyume chake. Ukichomeka plagi ya kifaa kingine, waweza kuiua kompyuta mara moja. Kampuni ya Ferranti, iliyotengeneza chipu yake kuu, ilianguka mwaka 1993. Na televisheni ya zamani yenye kioo kinene usiifungue kamwe. Ndani yake mna volti zaidi ya 20,000, nazo zaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Zinaua mtu.

Unganisha waya wa antena kwanza, kisha washa televisheni. Umeme wa kompyuta uwe wa mwisho, maana Spectrum haina swichi. Tafuta chaneli ya 36 polepole mpaka uone maandishi meusi chini ya kioo kitupu. Hapo bado hujui kama rangi imefika. Bonyeza B, na neno BORDER litatokea. Bonyeza 2, halafu ENTER. Kingo za picha zitageuka nyekundu. Zikibaki za kijivu, usiilaumu kompyuta upesi; rekebisha chaneli kidogo kidogo, mbele na nyuma, mpaka wekundu utokee.