Nani Atakurudisha Nyumbani? Kujiandaa kwa Darasa Lako la Kwanza la Kupumua

Ungeniambia mwaka jana kwamba kuna watu wazima wanaolipa pesa ili wafundishwe kupumua, ningekucheka. Pumzi si tunazaliwa nayo, jamani? Tena bure!

Halafu ikaja ile jioni ya foleni ya Mwenge. Kifua kilibana, vidole vikafa ganzi, moyo ukaenda mbio kama nafukuzwa. Niliegesha gari pembeni, nikalia. Baadaye nikajifuta, nikapaka lipstiki, nikaenda nyumbani. Baba Junior aliponiuliza, "Vipi leo?" nikamjibu, "Poa tu, foleni."

Mwezi mmoja baadaye shoga yangu akanialika kwenye darasa la kupumua huko Masaki. Saa tatu nzima, mkeka, muziki na mkufunzi. "Utatua mzigo wote," aliniambia. Nikasema twende.

Ni kitu gani hasa?

Kuvuta pumzi kwa utaratibu ni jambo la kale. Watu wa yoga wa India wamekuwa wakilifanya kwa karne nyingi. Aina niliyoalikwa ina historia fupi zaidi. Stanislav Grof, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Prague mwaka 1931, aliwahi kufanya utafiti wa tiba kwa kutumia LSD. Sheria zilipobana dawa hiyo, yeye na mkewe Christina walitafuta njia nyingine. Miaka ya 1970, wakiwa Esalen, California, wakabuni njia ya kupumua haraka na kwa kina huku muziki ukipigwa.

Kinachonivutia mimi ni kwamba mnafanya wawili wawili. Mmoja analala na kupumua, mwingine anakaa kando yake kumwangalia. Kisha mnabadilishana zamu.

Na mwilini kunatokea nini? Ukipumua haraka kupita mahitaji yako, unatoa hewa ya kaboni nyingi mno. Damu inabadilika, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inasinyaa kidogo, ndiyo maana unapata kizunguzungu, midomo inawasha na vidole vinaweza kukakamaa. Wengine wanalia, wengine wanacheka. Nikajisemea, kumbe! Kile kilichonipata Mwenge ndicho watu wanakilipia. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa peke yangu.

Fomu iliyonikamata

Siku tatu kabla, mkufunzi alinitumia fomu ya ukurasa mmoja. Una mimba? Kifafa? Ugonjwa wa moyo? Presha ya macho? Umefanyiwa upasuaji karibuni? Umewahi kuugua ugonjwa mkubwa wa akili? Hapana, hapana, hapana. Una presha ya kupanda? Nikaweka hapana.

Nilidanganya, msomaji wangu. Ofisini tulipimwa afya, nikaambiwa yangu ni 150 kwa 95, nirudi baada ya wiki. Sikurudi. Nina miaka thelathini na kitu, presha si ya wazee?

Swali la mwisho ndilo lililonishinda: "Nani atakurudisha nyumbani?" Baada ya darasa kama hilo hawataki ushike usukani mara moja. Ningeandika jina la mume wangu, lakini ili niliandike ilibidi kwanza nimwambie. Nimwambie nini sasa? Kwamba nilikuwa nalia barabarani?

Nikamwambia. Ilikuwa usiku, Junior amelala, taa ya jikoni tu ndiyo inawaka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Junior, mwezi mzima tunalala kitanda kimoja, hili hukuniambia?"

"Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Sasa mimi kazi yangu humu ndani ni nini?"

Sikuwa na jibu. Akachukua fomu, akaisoma taratibu, akafika kwenye presha. "Na hii?" Nikainamisha kichwa. Asubuhi akanipeleka mwenyewe kupimwa: 148 kwa 94. Daktari akataka nirudi mara kadhaa, akaniambia nipunguze chumvi, na akasema dawa tutaijadili baada ya vipimo.

Nilimpigia mkufunzi nikiwa na aibu tupu. Hakunigombeza. "Dada, kwa presha hiyo sikulazi kwenye mkeka. Njoo darasa la pole, Jumamosi. Na asante kwa kusema."

Kabla hujaenda, zingatia haya

Jaza fomu kwa ukweli. Kama una mimba, presha, moyo, kifafa au presha ya macho, muone daktari kwanza na usifanye aina ya haraka. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta.

Muulize mkufunzi amesomea wapi, na atafanya nini mtu akizidiwa. Asipokuuliza chochote kuhusu afya yako, ondoka.

Kula chakula chepesi saa mbili au tatu kabla. Pilau iache kwa baadaye. Pombe usiguse.

Vaa nguo isiyobana, beba shuka na chupa ya maji. Lenzi za macho na hereni kubwa ziache nyumbani.

Usijaribu kupumua haraka ukiwa baharini, kwenye bwawa au unaendesha gari. Unaweza kupoteza fahamu bila onyo.

Ukizidiwa, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida. Hakuna zawadi ya kuvumilia.

Jumamosi yenyewe

Darasa la pole halina maajabu. Unavuta kwa pua, unaongeza kidogo juu yake, kisha unatoa kwa mdomo polepole mpaka iishe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba dakika tano za zoezi hili kila siku, kwa mwezi mmoja, ziliwainua watu hali yao ya moyo. Si mbadala wa dawa wala wa daktari, lakini halina gharama.

Baba Junior alikaa kando yangu, miguu imekunjwa vibaya, simu ameizima. Dakika ya nne machozi yakanitoka, si mengi. Hakusema kitu. Alinishika kisigino tu.

Kurudi, yeye ndiye aliyeendesha. Pale Mwenge foleni ilikuwa ileile. Akapunguza redio, akaniuliza, "Ilikuwa wapi hasa?" Nikamwonyesha.

Wewe je? Kabla hujalipia mkeka, jaribu lile swali la mwisho la fomu. Kama jina haliji haraka, au linakuja lakini huna ujasiri wa kumwambia, anzia hapo.