Kuumwa na Nyuki: Dakika za Kwanza Ndizo Huamua

Wahenga walituasa tufuate nyuki tule asali. Katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, ambako urinaji wa asali ni kazi ya vizazi, usia huo ungali hai. Hata hivyo, amfuataye nyuki hana budi kujua la kufanya aumwapo, na mhudumu wa zahanati hana budi kuwa tayari kumpokea.

Nyuki aumapo huacha mwiba ngozini pamoja na kifuko cha sumu, nacho huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki kuondoka. Kwa sababu hiyo, mwiba uondolewe mara moja, ama kwa kuukwangua ama kwa kuuchomoa kwa kucha. Wepesi ni muhimu kuliko namna. Mwiba huo pia hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita nyuki wengine. Mwathirika akimbie kwanza, akifunika uso, hadi ndani ya nyumba au gari. Asiwapigepige nyuki wala asijitumbukize majini, kwani humsubiri aibuke.

Akishakuwa salama, osha jeraha kwa maji na sabuni, vua pete au bangili kabla ya uvimbe kuongezeka, kisha weka kitambaa chenye maji baridi. Parasetamoli hupunguza maumivu, na setirizini hupunguza mwasho. Uvimbe waweza kukua kwa siku moja au mbili kisha ukapungua. Mara nyingi hiyo si dalili ya maambukizi, na antibayotiki hazihitajiki. Kuchanja ngozi, kufunga kamba au kupaka mafuta ya taa hakuondoi sumu, bali huongeza madhara.

Hatari kubwa ni mzio mkali. Ndani ya dakika chache mgonjwa aweza kutokwa na vipele mwili mzima, kuvimba midomo na ulimi, kukoroma au kubanwa kifua, kutapika, kizunguzungu, hata kuzirai. Hapo hapana nafasi ya kusubiri: apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Alale chali, miguu ikiwa juu. Anayeshindwa kupumua aketi, na mjamzito alalie ubavu wa kushoto. Asisimamishwe ghafla, kwani moyo waweza kusimama.

Kwa mhudumu, dawa ya kwanza ni adrenalini. Kosa linalogharimu maisha ni kuanza na haidrokotisoni au promethazini na kungoja matokeo. Dawa hizo zaweza kufuata, lakini hazifungui njia ya hewa wala hazipandishi shinikizo la damu kwa haraka. Choma adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita 1 kwenye msuli wa paja, upande wa nje: miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Hali isipobadilika, rudia baada ya dakika 5. Mpe oksijeni na maji ya mshipani. Akipata nafuu asiruhusiwe upesi, kwani mzio huweza kurejea baada ya saa kadhaa.

Aliyeumwa na nyuki wengi, hasa mtoto, apelekwe hospitali hata kama hana mzio na anaonekana mzima. Sumu nyingi huharibu misuli na chembe nyekundu za damu, kisha figo hushindwa kazi. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni onyo lisilopuuzwa.

Mgonjwa aliyewahi kupata mzio mkali amwambie kila mhudumu atakayemtibu. Nawe mhudumu, kabla ya zamu ya leo kwisha, ihakiki adrenalini kituoni kwako: iko wapi, inaisha muda lini, na je, mwenzako wa zamu ya usiku anajua ilipo?