Mipini ya Mpingo na Vyombo vya Chuma

Mjini London, darini mwa kanisa la zamani la St Thomas, kuna chumba cha upasuaji kilichojengwa mwaka 1822. Kilikuwa mali ya hospitali iliyopakana na kanisa hilo. Hospitali ilihama mwaka 1862, na tangu mwaka 1962 chumba hicho ni makumbusho. Humo mgeni huona meza ya mbao ambayo wagonjwa walilazwa, na vyombo vya madaktari wa kale: visu virefu, misumeno ya kukatia mifupa, na mikanda ya kubania mishipa ili damu isitoke.

Atazamaye visu hivyo huogopa makali yake. Lakini afadhali atazame mipini, kwa maana huko ndiko hatari ilikojificha.

Mipini ya zamani ilifanyizwa kwa mpingo au pembe ya ndovu, na mingi ilichongwa mistari ili isiteleze katika mkono uliolowa damu. Vyombo vilitunzwa katika sanduku lililotandikwa mahameli. Vilipendeza sana, lakini damu na usaha viliingia katika ile mistari vikakaa humo. Daktari alipomaliza kazi, alipangusa kisu chake, akamwendea mgonjwa mwingine. Hakuwa mzembe, siku hizo haikujulikana bado kwamba usaha na homa ya majeraha huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Basi wengi waliostahimili kukatwa walikufa siku chache baadaye, jeraha likiwa limeoza.

Maumivu ndiyo yaliyoshindwa kwanza. Tarehe 21 Desemba 1846, mjini London, daktari Robert Liston alikata mguu wa mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi iitwayo etha, naye hakusikia maumivu. Hata hivyo majeraha yaliendelea kuoza.

Mwaka 1865, huko Glasgow, daktari Joseph Lister, aliyekuwa amesoma kazi ya Mfaransa Louis Pasteur juu ya vijidudu, alitibu mguu wa mtoto wa miaka 11 aliyevunjwa na gurudumu la mkokoteni. Alifunga jeraha kwa kitambaa kilichotiwa dawa ya kaboliki. Jeraha halikuoza, na mtoto akapona.

Baadaye madaktari, hasa wa Ujerumani, walianza kusafisha vyombo kwa mvuke wa moto. Mpingo na pembe haviwezi kuvumilia joto hilo; hupasuka. Kwa sababu hiyo, kufikia mwisho wa karne ya 19, vyombo vilifanyizwa kwa chuma kitupu, tangu ncha hata mpini.

Kwa nini mvuke? Maji yachemkayo katika sufuria hufikia joto la digrii 100 tu, na mbegu za vijidudu vya pepopunda zaweza kulivumilia. Mvuke uliobanwa ndani ya chombo maalumu hufikia digrii 121, nazo hufa.

Jambo hili latuhusu hata nyumbani. Kitovu cha mtoto mchanga kikikatwa kwa kisu cha jikoni au wembe uliokwisha kutumiwa, mtoto aweza kupata pepopunda na kufa, hata kama chombo hicho chang'aa. Basi mama na aende kujifungulia hospitali. Uchungu ukimkuta njiani au nyumbani, wembe na uwe mpya, ufunguliwe karatasi yake saa ile ile, na mikono ioshwe kwa sabuni.