MANUNG'UNIKO, LALAMIKO NA DAI
Maneno ya mfanyakazi aliyeudhika, na kazi ya kila neno



Hakuna siku ya kazi inayopita bila mtu kuudhika. Bomba la maji limekauka tangu alfajiri. Lori la kuwachukua watu limechelewa, lakini anayekatwa mshahara kwa kuchelewa ni wewe. Nyapara amekuita kwa mluzi, kama aitavyo mbwa wake. Mambo kama haya hayatangazwi redioni, wala watu hawagomi kwa ajili ya bomba moja. Hata hivyo, mara nyingi ndiyo yanayomchosha mfanyakazi kuliko kazi yenyewe.

Katika makala haya tutaeleza maneno ambayo watu hutumia wanapoudhika. Jambo hili si la walimu wa lugha peke yao. Mfanyakazi asiyejua tofauti ya kunung'unika, kulalamika na kudai huweza kukaa na haki yake mdomoni mwaka mzima isimfae kitu.

Lugha mbili, ziwa moja

Tuanze mbali kidogo, huko Nchelenge, katika ufuko wa Ziwa Mweru, mkoa wa Luapula, Zambia. Ziwa hilo limekatwa na mpaka. Upande wa mashariki ni Zambia, wenye miji ya Nchelenge na Kashikishi, ambako watu husema Kibemba. Upande wa magharibi ni Kongo, wenye miji ya Kilwa na Pweto, ambako husikika Kiswahili cha Katanga. Wavuvi na wachuuzi wa samaki huvuka huku na huku, na mwenye kuvuka hujifunza kuudhika kwa lugha zote mbili.

Mtu wa Nchelenge aliyeudhika husema "nafulwa". Hasira huiita "icipyu", neno linalofanana na "ukupya", yaani kuungua. Kumkemea mtu ni "ukukalipila", na Mswahili ye yote atatambua hapo ndugu wa neno letu kukaripia. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, hasira huitwa "kasirani". Mtu wa Tanga au Mombasa akilisikia neno hilo atadhani ametajiwa kisirani, yaani nuksi, na pengine ugomvi mwingine ukaanzia hapo.

Lakini maneno ya Kibemba yanayotufaa zaidi ni mawili: "ukung'winta" na "ukuilishanya". La kwanza ni kunung'unika, sauti inayobaki kooni na puani. La pili ni kulalamika, yaani kuyatoa maneno yasikike. Kiswahili nacho kina maneno yake mawili. Watu waliokaa kandokando ya ziwa lile na watu wa pwani ya Bahari ya Hindi wote waliona kwamba hayo ni mambo tofauti, kila moja likapewa jina lake.

Tuchukue mfano wa hukohuko. Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaa. Kwa mwenye kuishi kwa wavu, miezi hiyo ni mizito, na kunung'unika hakukosekani. Lakini manung'uniko ya sokoni huishia sokoni. Aliyeona wengine wakivua kwa siri wakati yeye ametii hana budi kulipeleka neno lake kwa wenye mamlaka ya uvuvi, kwa siku, mahali na jambo lililotendeka. Hapo ndipo limekuwa lalamiko.

Ngazi ya maneno yetu

Kiswahili kina ngazi ndefu ya kuudhika. Yafaa kila mmoja ajue amesimama kidato gani.

Kidato cha kwanza hakina hata neno. Mtu huguna, au husonya, au husema "Ebo!" na "Ala!" kisha akaendelea na kazi. Hupunguza moto wa moyo, basi. Tena tahadhari: kumsonya mkubwa mbele ya watu huweza kuandikwa kuwa utovu wa nidhamu, na hapo mwenye kosa umekuwa wewe.

Halafu kuna udhia. Huu ni usumbufu wa jambo moja: mashine imekwama, karani amekuzungusha. Ukirudiarudia huwa kero. Neno hili ni jirani ya kukereketa, kama koo lenye kitu kisichotoka. Kero haiumi sana kwa siku moja. Ubaya wake ni kurudi kila siku. Kwa hiyo mwenye kero hana budi kuhesabu siku zake, maana ushahidi wake ndio huo.

Bughudha ni jambo jingine. Hapa mtu anakusudiwa: anaandamwa, anasemwa, hapewi nafasi ya kupumua. Mama mchuma chai anayefuatwafuatwa na msimamizi kwa maneno ya aibu hakupatwa na udhia. Amebughudhiwa, na asikubali mtu aliite jambo hilo mzaha. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, kwa sababu mambo haya yalikuwa yakifichwa katika maneno mepesi.

Mwisho ni hamaki na kinyongo. Hamaki ni hasira ya ghafula: mtu hutupa kikapu, hutukana, kesho yake hana kazi. Wahenga walisema hasira hasara. Kinyongo ni hasira iliyowekwa akiba. Mwenye nayo hucheka na watu, lakini ndani anaoza.

Neno la mkubwa

Maneno ya anayeudhi nayo yana historia. Watu wengi wa Luapula walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba, kusini ya Katanga na katika Ukanda wa Shaba wa Zambia. Huko Ukanda wa Shaba wasimamizi wa kikoloni waliwaamuru kwa lugha ya mchanganyiko iliyojaa amri: leta, beba, ondoka. Kwa lugha ya namna hiyo mtu hupokea amri tu. Kueleza shauri lake ni shida.

Wachimbaji wa Ukanda wa Shaba waligoma mwaka 1935, sababu mojawapo ikiwa ni kupandishwa kwa kodi, na watu 6 waliuawa kwa risasi huko Luanshya. Waligoma tena mwaka 1940, na watu 17 waliuawa huko Nkana. Wenye migodi walitaka malalamiko yapitie kwa wazee wa makabila. Wafanyakazi walitaka chombo chao wenyewe, na mwaka 1949 kikaundwa chama cha wachimbaji Waafrika, rais wake akiwa Lawrence Katilungu. Tangu hapo manung'uniko yalipata mlango wa kupitia.

Tanzania nayo ina fundisho lake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliacha kazi, na katika madai yao haikuwamo mishahara tu, bali pia matusi na dharau ya wakubwa. Walikuwa wamepata neno lililoandikwa la kulitaja jambo ambalo zamani walilisonyea tu.

Jinsi ya kupanda ngazi

Tuchukue mfano wa shamba lo lote la chai. Karani wa mizani hupunguza kilo, akisema majani yana maji.

Mnung'unikaji husema: "Hawa watu wezi tu." Maneno haya hayawezi kujibiwa, na huweza kumletea msemaji kesi ya kashfa.

Mlalamikaji husema: "Juma hili, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, nilikatwa kilo 2 kila siku, ingawa siku hizo mvua haikunyesha." Sasa jambo lina siku, kiasi na ushahidi.

Mwenye dai huongeza: "Nataka kilo zangu 6 zilipwe, na mwakilishi wetu asimame penye mizani." Sasa mwajiri hana budi kusema ndiyo au hapana. Wachumaji 20 wakitia sahihi karatasi hiyo moja, si rahisi kumwonea mmoja wao.

Basi kabla ya kwenda kwa mwakilishi wa chama, jiulize mambo manne: Limetendeka nini? Siku gani? Nani aliona? Nataka nini?

Hasira haina saa, sheria ina saa

Pendekezo Na. 130 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema mfanyakazi, peke yake au pamoja na wenzake, apeleke lalamiko lake bila kudhurika kwa kulipeleka. Huko Zambia, Sheria ya Ajira ya mwaka 2019 inamtaka mwajiri awe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Uulizeni, na usomwe kwa lugha ambayo watu wanaijua.

Tanzania, aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ina siku 60. Mwenye kinyongo hukaa nacho miezi sita, na siku anapofungua kinywa anaambiwa amechelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi wawakilishi wa matawi, msimjibu mwenzenu, "Hayo ni manung'uniko tu." Labda ni kweli. Lakini anayenung'unika hajapata maneno, na kazi yenu ni kukaa naye, kalamu mkononi, mpaka ayapate.