Shahidi Anapoomba Kutazama Daftari

Kesi ya wizi inaweza kufika mahakamani miaka mitatu baada ya tukio. Askari mpelelezi anapanda kizimbani, anaulizwa namba ya gari, anasita, kisha anamwomba hakimu ruhusa ya kutazama daftari lake. Kwenye mabenchi watu wananong'ona kwamba amekuja na majibu mfukoni. Hawamtendei haki, kwa kuwa sheria inamruhusu.

Ruhusa hiyo inatokana na Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta Afrika Mashariki. Kenya iliirithi katika sheria yake ya 1963, Tanzania katika ile ya 1967. Shahidi anaweza kujikumbusha kwa maandishi aliyoyaandika mwenyewe wakati wa tukio, au muda mfupi baadaye, mambo yakiwa bado mabichi kichwani. Wakili wa utetezi akiitaka karatasi hiyo, lazima aonyeshwe, na anaweza kumdodosa shahidi juu yake: iliandikwa lini, wapi, mbona tarehe imefutwa? Kumbukumbu ya kichwani haikaguliki hivyo, ndiyo maana mshtakiwa asiye na hatia hana sababu ya kuliogopa daftari.

Linaloniuma ni shahidi asiye na daftari. Mama muuza samaki aliyemwona mwizi alfajiri hakuandika kitu. Maelezo yake yaliandikwa kituoni na askari, akaweka dole gumba, akarudi sokoni. Miaka ikipita, karatasi ileile huweza kuibukia mikononi mwa utetezi ili aonekane mwongo, eti alisema shati la bluu na leo anasema la kijani.

Lakini sheria hiyohiyo inakubali pia maandishi ya mtu mwingine, mradi shahidi aliyasoma mapema na kujua kwamba ni sahihi. Na asiyejua kusoma? Uingereza, katika kesi ya Kelsey ya 1982, shahidi alimtajia askari namba ya gari, askari akaiandika na kumsomea kwa sauti. Shahidi hakuitazama karatasi, ila Mahakama ya Rufani ilikubali aitumie kujikumbusha.

Basi askari anayeandika maelezo ayasome kwa sauti, polepole, kwa lugha anayoielewa shahidi, na aandike saa aliyoyasoma. Na siku ya kesi, mama yule akikwama, mwendesha mashtaka asimame amwombee ruhusa ileile anayopewa askari.