Mwanza ya Wafu Wasioandikwa (2): Kutoka Mnara wa Saa hadi Makaburi ya Igoma

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi Mwanza ilivyokua kutoka boma la Wajerumani lililoanzishwa mwaka 1892 hadi kuwa jiji la pamba, samaki na meli. Tuliishia na swali la wasomaji wanaotaka kujua kama mji huu unaweza kuwa na matembezi ya kuongozwa yanayopita penye historia chungu, kama yale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Jibu langu ni kwamba unaweza na unapaswa. Lakini matembezi hayo yatakuwa na maana kwa sharti moja. Katika kila kituo, mwongozaji aulize nani aliandikwa hapa na nani hakuandikwa. Ukichunguza misiba ya mwambao huu tangu zama za misafara hadi zama za vivuko, utaona jambo linalojirudia: wakubwa wana orodha, na wanyonge wanahesabiwa kwa kukisia. Tuifuate hoja hiyo kwa miguu, kituo baada ya kituo.

Matembezi yaanzie kwenye mnara wa saa, katikati ya mji. Kibao chake kinaeleza kwamba tarehe 3 Agosti 1858, juu ya kilima cha Isamilo, kiasi cha maili moja kutoka hapo, John Hanning Speke aligundua chanzo cha mto Nile. Hakuna haja ya kurefusha mjadala wa neno kugundua. Wavuvi wa Kisukuma walikuwa wakitega samaki katika maji hayo kabla babu yake Speke hajazaliwa, na yeye mwenyewe aliandika kwamba wenyeji waliliita ziwa hilo Nyanza. La kuzingatia ni kwamba Speke hakufika peke yake. Alikuwa na msafara, na ndani ya msafara huo alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika ya Mashariki akiwa mtu huru. Bombay ndiye aliyekuwa ulimi wa Speke njia nzima. Jina lililobaki kwenye midomo ya mji ni la Speke. Ukiteremka hadi ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, utakuta mawe yaliyopandana juu ya maji, yanayopigwa picha na kila mgeni, nayo yanaitwa Mwamba wa Bismarck, kwa jina la Chansela wa Ujerumani aliyeongoza mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 na ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika.

Kituo cha pili ni kilima chenye jengo la kale la Kijerumani, ambacho vitabu vya wageni hukiita kilima cha Robert Koch. Koch alikuwa tabibu mkubwa, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1905 kwa utafiti wake wa kifua kikuu. Mwaka uliofuata alipita Mwanza na msafara wake akielekea visiwa vya Sese, upande wa Uganda, kutafiti ugonjwa wa malale uliokuwa umeshaua watu wengi mno kwenye mwambao wa kaskazini. Huko aliwadunga wagonjwa dawa ya atoksili, yenye arseniki ndani yake. Dozi ndogo iliwapa wagonjwa nafuu ya muda tu, naye akaiongeza. Baadhi yao wakapofuka. Taarifa za msafara zinataja wagonjwa 22 waliopoteza macho moja kwa moja. Tazama namna walivyoingia kwenye kumbukumbu: uzito wa dawa umeandikwa, siku za kudungwa zimeandikwa, na vipofu wameandikwa kwa idadi. Mtu mwenye mke na shamba la migomba, aliyekuja kutafuta uzima akarudi akiongozwa kwa fimbo, amebaki kuwa sehemu ya 22. Koch alirudi kwao akapewa heshima zaidi, na baada yake serikali ya kikoloni ilifungua kambi za kuwatenga wagonjwa katika sehemu kama Shirati na Kigarama. Sisemi kwamba malale haikuhitaji tiba. Nasema kwamba kilima chenye jina la tabibu kinapaswa pia kusimulia habari za wagonjwa wake.

Kituo cha tatu hakifikiki kwa miguu kutoka mjini, ila mwongozaji makini hatakiacha: ni Kageye, kaskazini-mashariki ya mji, kando ya ziwa. Henry Morton Stanley alifika hapo tarehe 27 Februari 1875 akitokea Bagamoyo, akaiunganisha mashua yake Lady Alice na kuanza kulizunguka ziwa. Takriban nusu ya watu alioanza nao hawakuwepo tena alipofika. Wapo waliokufa kwa maradhi na njaa, waliouawa vitani na waliotoroka. Mzungu mwenzake, Frederick Barker, alifia hapo Kageye mwaka huo huo, na jina lake linajulikana mpaka leo. Wapagazi waliobeba vipande vya mashua ile mabegani kutoka pwani hawana kumbukumbu ya namna hiyo. Stanley alimkuta Kageye mfanyabiashara aitwaye Songoro, aliyekuwa akinunua pembe za ndovu na watumwa wa nchi za ziwani. Pembe zilipimwa kwa frasila na bei yake iliingia daftarini. Waliozibeba hadi Tabora na kuendelea pwani, wengi wao watumwa, waliingia daftarini kwa idadi ya vichwa tu.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya wageni na wakoloni, na kwamba baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Ushahidi haumsaidii. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vikiwatafuta watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi yao wakafa wakiwa mahabusu. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kubeba dhamana ya makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Kitendo hicho kilikuwa cha uungwana, na ni haki kwamba bado kinatajwa kila inapozungumzwa maadili ya uongozi. Lakini muulize kijana yeyote aliyesoma habari hiyo akutajie walau mmoja wa waliofia mahabusu, hataweza. Taifa limehifadhi jina la aliyejiuzulu na kuyaacha majina ya waliomfanya ajiuzulu.

Sasa twende bandarini, penye msiba mkubwa kuliko yote. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilikuwa safarini kutoka Bukoba kuja Mwanza, ikiwa imepitia Kemondo. Ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 430, lakini ilijaa kupita kiasi. Asubuhi, ikiwa imekaribia Mwanza, ililala upande na kupinduka. Haikuzama papo hapo. Sehemu ya chini ya meli ilibaki juu ya maji, na walioshuhudia walisimulia kwamba ndani yake kulikuwa na watu hai waliokuwa wakigonga chuma kuomba msaada. Waokoaji wakaamua kuitoboa. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli isizame, ikatoka kwa kasi, maji yakapanda, na meli ikaenda chini pamoja na waliokuwa wakigonga. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa.

Ni wangapi walikufa? Hapo ndipo hoja yetu inaposimama wima. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, yaani wachuuzi wa ndizi, wanafunzi na akina mama waliobanana na mizigo yao, hawakuwa nayo. Kwa sababu hiyo idadi ya waliokufa inayotajwa hutofautiana sana, kuanzia mia tano na ushee hadi karibu elfu moja. Kati ya takwimu hizo mbili kuna mamia ya watu. Kila mmoja wao alikuwa na nyumba iliyomsubiri, mahali fulani kati ya Muleba na Mwanza, na hakuna karatasi ya serikali inayoweza kuiambia nyumba hiyo kwamba ndugu yao alikuwemo melini.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora, Ukerewe, kikielekea Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Bwisya, na watu 228 wakafa. Katika saa za kwanza za uokoaji hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni wangapi waliokuwemo ndani. Soma habari hizo mbili kwa pamoja: chombo kimezidishwa, orodha haipo, na wafu wanahesabiwa kadiri maji yanavyowarudisha. Mji ambao ungekuwa umepitisha watoto wake wa shule mbele ya makaburi ya Igoma, walikozikwa wafu wa MV Bukoba, kila mwaka kwa miaka 22, ukiwafundisha kwamba hawa walikufa katika meli iliyozidishwa na wengine hawakuandikwa, ungekuwa umelea kizazi cha abiria na makarani wanaokataa kuondoka bila orodha. Siwezi kuapa kwamba MV Nyerere isingezama. Naweza kusema kwamba mafundisho ya Mei 1996 hayakuwafikia waliokuwa gatini Septemba 2018.

Zipo hoja za upinzani, na zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni ile ya wazee: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo ni ya hekima, ila haisemi tusahau. Inasema tugange, na mganga hawezi kuganga ugonjwa asioujua ulikoanzia. Wahenga hao hao walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ziwa limeshatuumbua zaidi ya mara moja. Tena, anayeogopa kwamba matembezi haya yatafukua majonzi ya wafiwa akumbuke kwamba wafiwa hawajawahi kusahau. Ndugu huja Igoma kila tarehe 21 Mei kuwaombea watu wao. Waliosahau ni wengine wetu, tunaopita barabara ya Musoma kwa daladala bila kugeuza shingo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba msiba utageuzwa bidhaa, na waongozaji watatia chumvi ili kuwafurahisha watalii. Hatari hiyo ipo, na Zanzibar inatufundisha pande zote mbili. Pale Mkunazini, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa kuu la Anglikana likajengwa mahali hapo. Nje ya kanisa kuna sanamu za watu waliosimama ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden, na mgeni akisimama mbele yake huwa hana la kusema. Hayo ni mafundisho mazuri. Lakini vyumba vya chini vilivyo jirani, ambavyo wageni huambiwa ndimo watumwa walimosongamanishwa, vimetiliwa shaka na wanahistoria, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Utumwa wa Zanzibar ni ukweli usiohitaji kuongezewa kitu, na chumba chenye shaka huwapa nafasi wanaotaka kuukana wote. Kwa hiyo dawa ya chumvi ni mwongozaji aliyefundishwa kusema kile tu ambacho mahali panaweza kuthibitisha, na fedha za matembezi zirudi kwenye kutunza makaburi.

Hoja ya tatu inasema majina yameshapotea na kazi hii haiwezekani. Songea inajibu. Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Maji Maji tarehe 27 Februari 1906 na kuwafukia kwenye kaburi la pamoja, nia yao ilikuwa kuwafuta. Leo pale kuna makumbusho, majina ya walionyongwa yameandikwa, na kila Februari watu hukusanyika kuwaenzi. Ikiwa waliozikwa shimo moja mwaka 1906 wameweza kurudishiwa majina, waliopanda meli mwaka 1996 hawawezi kutushinda. Wajane wao wapo, watoto wao wamekuwa watu wazima, na wengi wa waliookoka bado wanaishi Mwanza na Kagera.

Ndiyo maana matembezi haya yaishie Igoma. Kutoka mjini yapite Mabatini, Buzuruga na Nyakato, na wasioweza mwendo mrefu wapande daladala. Halmashauri ya Jiji, shule na viongozi wa dini waanze na jambo dogo lisilo na gharama: daftari moja, litakalowekwa mahali pa wazi, ambamo kila familia iliyopoteza mtu katika MV Bukoba itaandika jina lake, kijiji alikotoka na daraja alilosafiria. Msomaji wa Nyakato, kama ndugu yako au jirani yako alipanda meli ile jioni ya tarehe 20 Mei 1996, usisubiri daftari hilo lifunguliwe. Andika jina lake leo, na umwonyeshe mwanao ulipoliweka.