Jarida la wahitimu: tangazo liitwe tangazo

Kuna mdau kaniandikia barua pepe. Yeye na wenzake waliomaliza chuo kimoja hapa Bongo wanataka kuanzisha jarida la wahitimu, yaani lile la kuwatumia watu waliosoma hapo: habari za chuo, nani kaoa, nani kapata kazi wapi, nani katutoka. Anauliza wapokee matangazo ya namna gani, na nani awe na kauli ya mwisho: chuo, mhariri, au mwenye pesa? Nimeona nijibu hapa hapa ili na wengine wafaidike. Mimi niliishia kidato cha sita, chuo kikuu huwa naingia kwenye shughuli za watu tu. Lakini naishi kwa kuandika vibarua vya hapa na pale, na hili suala la tangazo na habari nakutana nalo kila wiki.

Kwanza tuelewane jarida la wahitimu ni kitu gani. Gazeti la kawaida unalinunua, likikuudhi kesho unanunua jingine. Hili hulinunui. Linakufuata kwa sababu ulisoma pale, na unalifungua kama unavyofungua barua kutoka nyumbani. Huna wasiwasi nalo. Sasa huko kutokuwa na wasiwasi ndiko kila mtu anakokutaka. Chuo kinataka michango. Wafanyabiashara wanakutaka wewe kwa sababu una mshahara. Na wahitimu wenyewe wanataka habari za kweli. Watu watatu wanavuta kamba moja, na mhariri yuko katikati.

Wenzetu Marekani wameanza mambo haya zamani kweli. Jarida la wahitimu wa Yale lilianza 1891, la Harvard 1898 likiitwa Harvard Bulletin, na Princeton Alumni Weekly likaja 1900. Angalieni walivyojipanga. Jarida la Yale kwa miaka mingi lilimilikiwa na shirika lisilo la faida ambalo ni tofauti na chuo chenyewe, linaitwa Yale Alumni Publications. Harvard Magazine nalo lina shirika lake. Maana yake mhariri si kijana wa ofisi ya uhusiano ya chuo. Chuo kikiwa na kashfa, anaweza kuiandika.

La Princeton lina jambo moja ambalo mimi limenifurahisha sana. Rais wa chuo (huko rais ndiye bosi mtendaji, kama makamu mkuu wa chuo hapa kwetu) ana ukurasa wake ndani ya jarida. Lakini kwa miaka mingi ukurasa huo umekuwa ukitoka na maneno yanayomwambia msomaji kwamba jarida limempa rais nafasi hiyo. Kwa hiyo msomaji anajua hapa anaongea bosi wa chuo, haongei mhariri. Jamani, kama bosi mwenyewe anawekewa lebo, muuza viwanja ni nani asiwekewe?

Na msidhani ni uungwana tu, kuna sheria. Mwaka 1912 Marekani walipitisha sheria kwamba gazeti au jarida linalosafirishwa kwa ile nauli nafuu ya posta likichapa makala iliyolipiwa, lazima iandikwe wazi kuwa ni tangazo. Wenye magazeti walikwenda mahakamani kuipinga, na mwaka 1913 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikasema sheria ibaki. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita! Sisi leo bado tunabishana kama ni lazima.

Halafu kuna suala la kodi, hapa ndo watu wengi hawajui. Chuo au chama kisicho cha faida kule hakilipi kodi kwenye shughuli zake za kawaida. Ila kikifanya biashara isiyohusiana na lengo lake, faida ya biashara hiyo inakatwa kodi. Je, tangazo ndani ya jarida ni elimu au biashara? Kesi kubwa ilikuwa ya chama cha madaktari, American College of Physicians, chenye jarida la kitabibu. Kwa mapato ya matangazo ya mwaka 1975 walilipa kodi ya dola 55,965, halafu wakataka warudishiwe. Hoja yao ilikuwa kwamba matangazo ya dawa yanamuelimisha daktari. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ikawakatalia. Haikusema kwamba tangazo haliwezi kuelimisha kabisa. Ilichosema, kwa maneno yangu, ni kwamba matangazo yale hayakupangwa ili kufundisha, yalipangwa kwa kuwa kuna mtu kalipa. Hilo ndilo swali la kuuliza kila ukurasa: upo hapo kwa sababu msomaji anauhitaji, au kwa sababu kuna mtu kalipia?

Sasa niwape ya hapa nyumbani, majina naweka kando. Mwaka jana mhariri wa jarida moja la wahitimu alinipa kibarua: kurasa mbili kuhusu kampuni inayouza viwanja nje ya mji. Bei ya kuandika ilikuwa nzuri kuliko nilivyozoea. Masharti yake: iandikwe kama habari, isitajwe popote kwamba kampuni imelipia, na picha ya mkurugenzi iwe kubwa. Nikauliza, hati za viwanja nimeziona wapi? Nikaambiwa hiyo si kazi yangu. Nikasema basi tuandike juu ya ukurasa TANGAZO, nitaandika vizuri tu. Akacheka, akasema mteja hatakubali. Kibarua akapewa mwingine, na mimi mwezi ule kodi ya chumba nililipa kwa mafungu.

Fikirieni mwalimu mstaafu aliyemaliza chuo hicho miaka ya sabini. Kapata kiinua mgongo. Tangazo la viwanja kwenye gazeti la mtaani angelitilia shaka, angetuma mtu akaangalie. Lakini hii ni "habari" kwenye jarida la chuo chake. Anatoa hela. Viwanja vikiwa na mgogoro, mwalimu hatamlaumu mwenye kampuni peke yake, atakilaumu chuo. Na toleo linalofuata ataliweka chini ya meza bila kulifungua, pamoja na lile ombi la michango lililomo ndani. Hivyo hata mkuu wa chuo anayeona uhuru wa mhariri ni usumbufu, naye anapata hasara.

Kwa hiyo mdau na wenzako, mimi ningeanza na haya:

1. Kilicholipiwa kiandikwe TANGAZO juu ya ukurasa, kwa herufi zinazosomeka, na mwandiko wake usifanane na wa habari. Siyo nukta ndogo kule chini.

2. Anayeuza matangazo asiwe mhariri. Mkiwa wachache, angalau kauli ya habari isiwe kwa yule anayepewa asilimia.

3. Bei iandikwe na iwe moja kwa wote. Mwenye tangazo ananunua nafasi, hanunui kusifiwa ukurasa wa pili.

4. Andikeni mapema msichopokea, kabla pesa haijafika mezani. Mfano upatu, mikopo isiyotaja riba, dawa za kutibu kila kitu. Pesa ikishafika mezani kila kitu huonekana kizuri.

5. Majina na namba za simu za wahitimu zisigawiwe kwa wenye matangazo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu alitoa namba yake apate jarida, siyo apigiwe na wakala wa bima.

6. Tanzia na habari za wahitimu zisiuzwe. Marehemu wa mwenye nacho na wa asiye nacho wapate nafasi kwa kipimo kimoja.

7. Mkikosea semeni. Mwaka 2020 Harvard Magazine walitoa makala ya kukosoa wazazi wanaofundisha watoto nyumbani. Mchoro wake ulionyesha vitabu, na kimoja kikawa kimeandikwa neno la "hesabu" kwa Kiingereza na herufi imekosewa! Watu wakawacheka sana, wakarekebisha mchoro. Hata hao hukosea.

Najua kuna atakayesema: wewe dogo unaongea tu, kiwanda cha uchapaji hakilipwi kwa maadili. Ni kweli, na sijasema mkatae matangazo. Harvard Magazine limechapa matangazo ya safari, ya nyumba, hata ya watu wazima wanaotafuta wachumba, na hakuna aliyeona vibaya, manake yako mahali pake na yanajulikana ni matangazo. Mwenye biashara ya kweli hana sababu ya kuogopa neno hilo juu ya ukurasa wake. Anayeliogopa, muulizeni kwa nini.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mliowahi kufanya kazi kwenye majarida ya namna hii, hasa upande wa mauzo, tuambieni mlikuwa mnawajibuje wateja wanaotaka tangazo livae nguo ya habari. Matusi hapana.